Pikipiki ya Safari Ipimwe kwa Kilo, Si kwa Jina

Mtu anayeingia dukani Nairobi au Dar es Salaam akiwa na fedha za kununua pikipiki kubwa ya safari huonyeshwa aina mbili. Ya kwanza ni ile ndefu, ya njia zote, yenye gurudumu kubwa la mbele, shokapu zinazocheza sana, usukani mpana na siti iliyo juu. Ya pili ni ile pana ya masafa, iliyoundwa kwa ajili ya lami: kioo kikubwa cha kukinga upepo, siti ya chini inayowatosha watu wawili, masanduku yaliyojengewa ubavuni, na injini laini isiyochoka. Hizi za pili wengi wetu tumezizoea kwa kuziona zikiongoza misafara ya viongozi. Ushauri anaopewa mnunuzi huwa mfupi: barabara zetu mbaya, chukua ndefu. Nakubaliana na nusu ya ushauri huo. Nusu nyingine inawagharimu watu fedha nyingi, na wengine inawavunja miguu, kwa sababu inaacha kutaja kitu kinachoamua hatima ya msafiri kuliko jina la aina yoyote ya pikipiki, nacho ni uzito.

Nianze na wanaotetea pikipiki za masafa, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Sifa ya pikipiki ndefu katika Afrika Mashariki ilijengwa na barabara ambazo leo hazipo. Kwa miongo mingi kipande cha Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, kilikuwa mtihani wa kila aliyetoka Ethiopia kuja kusini: mawe makali, vumbi, na vituta vidogo vinavyofuatana kama mikunjo ya bati, vinavyolegeza kila nati. Sasa ni lami mwanzo hadi mwisho. Upande wa Tanzania, njia ya Babati, Dodoma hadi Iringa, iliyokuwa ikitesa magari kila masika, nayo imewekwa lami. Mtu anaweza kutoka Moyale, akapita Nairobi, Namanga, Arusha na Dodoma, akafika Tunduma mpakani mwa Zambia bila kulazimika kuingia barabara ya vumbi. Kama njia imebadilika kiasi hicho, wanauliza watetezi hao, kwa nini mtu ajipandishe kwenye siti ya sentimita 85 au zaidi, avumilie upepo wa kifua siku nzima, na abebe shokapu za jangwani kwenda Dodoma na kurudi?

Jibu ni kwamba kwetu kupita kwenye lami si sawa na kubaki kwenye lami. Tazama barabara ya njia mbili kama ya Chalinze kwenda Segera, au ya Mtito Andei kwenda Voi. Mbele linatokea basi linalipita lori, limechukua upande wako wote, na dereva anakupigia taa kukujulisha kwamba wewe ndiye utakayepisha. Mwenye pikipiki hana la kubishana, anashuka pembeni. Huko pembeni ukingo wa lami umemegeka na kuacha ngazi ambayo mahali pengine hufikia upana wa kiganja. Chini yake kuna kokoto legevu na mchanga, na hatua chache mbele kuna mtaro au nguzo ya kilomita. Anatakiwa aishuke ngazi hiyo akiwa bado na mwendo wa kilomita 70 kwa saa, apunguze bila kubana sana breki ya mbele, kisha arudi juu kwa kuukabili ukingo badala ya kuambaa nao, kwa sababu gurudumu likiambaa na ukingo hukwama kando yake na kumtupa mwendeshaji katikati ya barabara, mbele ya gari linalofuata. Hiyo ndiyo njia mbovu ambayo kila msafiri wa Afrika Mashariki huipita, hata yule aliyeapa kwamba hataki kuona vumbi. Inadumu kwa sekunde chache tu, na hakuna ramani inayoionyesha.

Katika sekunde hizo umbo la pikipiki lina maana kubwa. BMW R 1250 RT, mfano mzuri wa pikipiki za masafa, ina shokapu za mbele zinazocheza milimita 120 na magurudumu ya inchi 17. Honda Africa Twin, kwa upande wa zile ndefu, huchezesha mbele milimita 230, na gurudumu lake la mbele ni la inchi 21, linalopanda ukingo badala ya kuugonga. Tofauti hiyo unaikuta tena kwenye matuta. Tanzania ina mapenzi ya pekee na matuta: kuna la kwanza mwanzo wa kijiji, kuna la shule, kuna la zahanati, halafu rasta nne au tano za kutikisa meno kabla ya kila moja. Mengine yamejengwa marefu na makali kiasi kwamba chombo cha chini, kilichobeba watu wawili na mizigo, hukwaruza tumbo. Pikipiki ya masafa iliyobuniwa kwa barabara kuu za Marekani au Ujerumani haikuwahi kuwaziwa adha hiyo.

Halafu kuna mvua. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika sehemu kadhaa, ikiwemo eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Novemba 2023, mafuriko yalifunika barabara ya Nairobi kwenda Garissa karibu na mto Tana. Hizo zote ni barabara za lami, na kuu. Hata bila maafa, hakuna mwaka unaopita bila mkandarasi kufumua kipande cha barabara na kuwaelekeza wasafiri kwenye mchepuko wa udongo uliomwagiwa maji asubuhi ili kutuliza vumbi. Atakayekuja na pikipiki ya masafa atapita, sikatai, lakini atapita akiomba Mungu. Kwa hiyo nusu ya ushauri wa muuzaji ninayoikubali ni hii: umbo la pikipiki ya njia zote linatufaa zaidi, kwa sababu linamsamehe mwendeshaji barabara inapomgeuka.

Tatizo ni kwamba pikipiki ndefu inayouzwa kwa fahari kuu si ile iliyoipatia aina hii jina lake. BMW R 80 G/S ilitoka mwaka 1980 ikiwa na kilo zisizofika 190 pamoja na mafuta, na mwaka uliofuata Hubert Auriol alishinda mbio za Paris hadi Dakar akiwa juu ya pikipiki ya jamii hiyo. Tangu hapo kila toleo liliongeza kitu: injini kubwa, kompyuta, siti ya joto, tanki la lita 30, vyuma vya kulinda injini, na vyuma vya kushikilia masanduku. R 1250 GS Adventure ina kilo 268 kabla haijawekewa sanduku hata moja. Weka masanduku ya aluminiamu, hema, vifaa vya ufundi na maji ya kunywa, unakaribia kilo 310 bila kumhesabu abiria. Watengenezaji wenyewe wanajua walikofika. Walipotoa R 1300 GS mwaka 2023, moja ya sifa walizoitangazia ni kupungua kwa kilo 12 kulinganisha na R 1250 GS ya kawaida iliyotangulia. Hata hivyo kilo 237 zilizobaki bado ni nyingi kuliko za ile ya 1980, tena kwa tofauti kubwa.

Uzito huo hauonekani ukiwa kwenye mwendo, na ndiyo maana unadanganya. Pikipiki nzito yenye uwiano mzuri hutembea kama haina kilo hata kumi. Ubaya huanza inaposimama. Mwendeshaji wa urefu wa kawaida, tuseme sentimita 168, akikaa kwenye siti ya sentimita 87 hugusa ardhi kwa ncha za vidole. Akisimama kwenye mchepuko ulioinama kidogo, mguu wa upande wa chini unakuta hewa pale ulipotarajia udongo. Pikipiki inalala kidogo, anajaribu kuizuia, na kuanzia pembe fulani hakuna paja la binadamu linaloweza kushindana na kilo 300. Inaanguka taratibu, bila mwendo wowote, na kona ya sanduku la chuma inatua kwenye kifundo cha mguu. Pikipiki ya masafa, pamoja na ubaya wake wote kwenye vumbi, angalau humruhusu mtu yule yule kuweka nyayo zote mbili chini. Ile ndefu na nzito imechukua kilo za ndugu yake wa lami ikazipandisha juu zaidi, kisha ikaambiwa iende porini.

Ushahidi kwamba wepesi ndio unaoshinda njia mbaya upo tele. Mbio za Dakar, ambazo wauzaji hupenda kuzitaja, ziliwahi kutawaliwa na mashine kubwa. Honda ilishinda mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989 kwa NXR750, na Africa Twin ya kwanza ikazaliwa kutokana na sifa hiyo. Lakini mshindi wa kwanza kabisa, Cyril Neveu, mwaka 1979, alitumia Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja na ya kawaida, akashinda nayo tena mwaka uliofuata. Tangu 2011 sheria za mbio hizo haziruhusu injini inayozidi cc 450. Shabaha ya sheria hiyo ilikuwa kupunguza mwendo ili watu wasife, na hilo lazima lisemwe. Ila leo mtu anayevuka majangwa ya Saudi Arabia kwa ushindani hapandi kitu chochote kinachofanana na kile anachouziwa mteja kwa jina la jangwa. Mwaka 2004 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walizunguka dunia kwa BMW kubwa, na filamu ya safari yao ikafanya kazi ya matangazo kuliko bango lolote. Wachache hukumbuka kwamba huko Mongolia, baada ya fremu ya moja ya pikipiki hizo kuvunjika, mpigapicha wao aliendelea na safari kwa pikipiki ya Kirusi ya Izh iliyonunuliwa hukohuko. Na Ted Simon, Mwingereza aliyeanza kuzunguka dunia mwaka 1973 na kupita Kenya akielekea kusini, alikuwa na Triumph ya cc 500 iliyoundwa kwa barabara za kwao.

Wala hatuna haja ya kwenda Dakar kutafuta ushahidi. Nani hufika kila kijiji cha Afrika Mashariki katikati ya masika, kwenye udongo mweusi unaojaza tope hadi gurudumu linagoma kuzunguka? Ni bodaboda, kwa pikipiki ya cc 125 au 150 yenye kilo mia na ushei, iliyobeba abiria wawili na gunia la mkaa. Haina shokapu za ajabu wala matairi ya meno. Inafika kwa sababu ikikwama, kijana anashuka, anaishika nyuma, anainyanyua na kuisogeza kando ya tope, safari inaendelea. Kabla ya bodaboda walikuwepo maafisa ugani na wahudumu wa afya wenye Honda XL na Yamaha DT za cc 125, ambao walichanja ng'ombe na watoto mahali ambapo Land Rover iligeuza. Watu hawa wote walikuwa wakifanya, kwa mshahara mdogo, kazi ambayo pikipiki za bei ya nyumba hutangazwa kuwa ndizo ziwezazo.

Sisemi basi msafiri anunue Boxer ya bodaboda aende nayo Cape Town. Safari ndefu ina masharti yake, na hapa wapinzani wana haki. Anayepanda mlima Kitonga nyuma ya malori ya mizigo ya Zambia na Kongo anahitaji nguvu ya kumaliza kupita lori refu kabla ya kona inayofuata, na pikipiki ndogo humwacha pembeni ya lori hilo kwa muda mrefu unaotisha. Royal Enfield Himalayan ya kwanza, iliyotoka 2016 na nguvu za farasi 24, ilipendwa kwa uvumilivu wake na siti yake ya sentimita 80, lakini kwenye mlima wa namna hiyo ilikuwa inamwomba mwenyewe subira. Toleo jipya la cc 450 lina nguvu za farasi 40 na kilo 196. Honda NX500 ina kilo hizo hizo na nguvu kidogo zaidi, ingawa shokapu zake zimeegemea lami. Yamaha Ténéré 700 ina nguvu za farasi zipatazo 70 kwa kilo zinazozidi 200 kidogo tu. Kasoro yake ni siti ya sentimita 87.5, ambayo mtu mfupi asiichukulie kwa mzaha. Katika kundi hili, la kilo 200 hivi, ndimo ninamoona pikipiki ya safari ya Afrika Mashariki. Mtu mzima mwenye afya, akifundishwa kuipa mgongo pikipiki na kuinyanyua kwa miguu, anaweza kuisimamisha mwenyewe akishateremsha mizigo. Ile ya kilo 268 atasubiri wapita njia.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la abiria. Mtu anayesafiri na mkewe au mumewe hatafuti ushujaa. Anataka mwenzake afike Lushoto bila mgongo kuuma, na hakuna pikipiki ya kilo 200 inayomtunza abiria kama Honda Gold Wing, ambayo tangu 1975 imekuwa ikiboreshwa kwa kazi hiyo. Ni kweli. Lakini Gold Wing ina kilo zaidi ya 360, na ilikulia kwenye barabara kuu za Marekani, ambako mtu huweka mwendo mmoja asubuhi na kuubadilisha anapohitaji mafuta. Kwetu unaingia kijijini, unashuka hadi 50 kwa sababu sheria inataka hivyo na askari mwenye tochi yupo nyuma ya mwembe, unapanda tuta, unaongeza mwendo, na baada ya kilomita chache unaanza upya. Starehe ya abiria katika mwendo huo hutokana zaidi na shokapu zinazomeza matuta, na dereva asiyeogopa kusimama, kuliko upana wa kioo. Fedha inayobaki kwa kuiacha Gold Wing inatosha kutengenezewa siti nzuri na fundi wa viti, jambo ambalo mafundi wetu wanalijua vizuri sana.

Wengine wanasema pikipiki nzito hutulia kwenye upepo. Ukanda wa Marsabit na Turkana una upepo mkali kiasi cha kuwekewa mitambo ya umeme wa megawati zaidi ya 300, na pikipiki nyepesi huko husukumwa kweli. Lakini pikipiki ndefu yenye masanduku mapana ya mraba nayo hushikwa na upepo huo huo, pamoja na kilo zake zote. Mabegi laini yaliyobanwa karibu na siti yanasaidia zaidi. Kuhusu vifaa vya kisasa, ABS na vidhibiti vya kuzuia gurudumu kuserereka, nakubali kwamba vinaokoa maisha, na nisingemshauri mtu anunue pikipiki ya safari isiyo na ABS. Siku hizi hata za kundi la kati zinavyo. Lakini hakuna kompyuta inayonyanyua pikipiki iliyolala.

Hoja yangu ina mpaka wake, nao ni wa kijiografia. Mswahili anayeishi Muscat na kwenda Salalah ana mbele yake takriban kilomita 1,000 za lami pana jangwani, bila matuta ya kila kijiji, na kwake pikipiki ya masafa ni chaguo la busara. Nisingemcheka hata kidogo. Anayeishi Ujerumani au Uingereza vivyo hivyo. Hata hapa nyumbani, mwenye pikipiki ndefu ya kilo 268 ambaye hajawahi kutoka nayo kwenye lami anamiliki pikipiki ya masafa yenye siti ya juu, na angekuwa salama zaidi kwenye ile ya chini. Wauzaji wanajua hili. Nawasihi waache kumuuzia mgeni wa pikipiki kubwa ile nzito kuliko zote kwa kumwambia kwamba barabara zetu zinaidai.

Anayekaribia kulipa afanye hivi kwanza. Ajaze tanki, aweke masanduku na mizigo yenye uzito wa kweli, avae buti zake za safari, kisha aisukume pikipiki kinyumenyume kwa miguu akiwa amekaa, kwenye kokoto, mahali penye mteremko mdogo. Ndilo zoezi litakalomkuta sheli ya kwanza nje ya mji. Aulize tairi lake linapatikana wapi zaidi ya Nairobi na Johannesburg. Atazame kama gurudumu lina tyubu, ambayo fundi wa pancha yeyote kuanzia Kibaha hadi Kasulu anaweza kuitoa na kuitia kiraka, au halina, na kama halina ajifunze kuziba mwenyewe kwa kamba za mpira na awe na pampu. Mwisho amwombe muuzaji ruhusa ya kuilaza chini juu ya godoro na kuisimamisha bila msaada. Muuzaji akikataa kwa kuhofia rangi, mnunuzi atafute mwenye pikipiki kama hiyo akajaribie kwake kabla hajatoa hata senti.